Bahasha ya Ukingo wa Kijivu

Mimi si mtu wa kumsifu wifi yangu. Nimeolewa katika ukoo huu miaka thelathini na minne, na kwa miaka thelathini na mitatu ya hiyo Hiske na mimi tulikuwa tunasalimiana kama majirani wenye mbwa waliogombana. Yeye kimya, mimi mdomo. Yeye Mfriesland wa damu, mimi nimetoka mkoa wa Drenthe, Uholanzi hiihii, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na hapa kijijini mpaka leo wananiita yule mgeni wa Rinse. Kwa hiyo ninachosimulia hapa nakisimulia kwa sababu nilikiona kwa macho yangu, na kwa sababu nilikuwa upande wa wabaya.

Baba mkwe, Mzee Douwe, alifariki mwezi wa pili, siku ambayo mitaro yote ilikuwa imeganda. Aliacha watoto watatu. Wa kwanza ni Folkert, anaishi Leeuwarden na amezoea kusikilizwa. Wa pili ni Rinse, mume wangu. Wa mwisho ni Hiske, ambaye hakuolewa, alibaki nyumbani kumtunza mama yake mpaka alipokufa, kisha baba yake kwa miaka tisa. Mzee hakuandika wosia. Kila alipokumbushwa alisema karatasi zingoje mavuno, na mavuno yakipita alisema zingoje mengine. Na sheria ya kwetu haina maneno mengi: pasipo wosia, watoto wanagawana sawa.

Vita vilianza siku ya mazishi, keki ikiwa bado mezani. Hiske alisema, kwa sauti yake ileile ya kuomba chumvi, "Baba aliniambia nitabaki kwenye nyumba hii mpaka nife."

Folkert akaweka kikombe chini. "Alikuambia mbele ya nani?"

"Mimi na yeye. Jikoni."

"Basi jiko lije kwa wakili litoe ushahidi."

Rinse alicheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Hiske alikuwa na miaka hamsini na saba, na mahali pengine pa kulala duniani hakuwa napo. Kaka zake walitaka nyumba iuzwe. Yeye alitaka kubaki. Hilo ndilo lililokuwa mezani, mengine yote yalikuwa vumbi tu.

Likaja suala la barua. Mtu akifa barua zake hazijui. Zinaendelea kuanguka kwenye tundu la mlango kila siku, na katika nyumba inayogombaniwa kila barua ni silaha. Folkert alitaka zote zipelekwe kwake Leeuwarden. Rinse hakumwamini Folkert. Wote wawili hawakumwamini Hiske, kwa kuwa ndiye aliyelala chini ya paa lile, na barua zinaanguka hatua tatu kutoka kitandani kwake. "Atachoma zisizompendeza," Folkert alisema. Mwishowe wakakubaliana hivi: barua zibaki palepale, zisifunguliwe, na kila Jumamosi saa nne asubuhi kaka wote wawili waje zifunguliwe pamoja. Na mimi, ninayekaa nyumba ya nne kutoka pale, nikateuliwa kuwa macho ya ukoo. Nipitepite. Nichungulie. Waswahili wa dunia hii husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini mimi niliacha jembe nikaenda kuchungulia.

Jambo moja tu Folkert aliliondoa. Kwetu mtu akifa, rambirambi huja kwenye bahasha yenye ukingo wa kijivu, hata mtumaji akiwa mtu asiyejua kuandika sawasawa, atatafuta bahasha hiyo. Zilikuwa zinakuja kwa makumi. "Hizo za kijivu ni zako," Folkert alimwambia Hiske. "Fungua mwenyewe, jibu mwenyewe. Sina muda wa kukaa nasoma jinsi watu walivyohuzunika." Alisema akikunja mkono wa shati, kama mtu anayetoa zawadi.

Basi, Hiske akaanza kazi. Barua ikianguka, aliiokota, akaigeuza, akaandika nyuma kwa penseli siku na saa iliyofika, akaiweka ndani ya bati la biskuti juu ya dirisha. Hivyo tu. Jumamosi alimimina kahawa, akampa kila mtu biskuti moja, akaliweka bati la barua katikati na kisu juu yake, kisha akakaa na mikono mapajani. Hakugusa. Kaka zake walifungua, walisoma kwa sauti, wakabishana, na wakishamaliza yeye ndiye aliyeandika majibu. Kampuni ya bima, chama cha wafuga njiwa, daktari wa meno, wote walijibiwa kwa mwandiko wake wa mviringo: Baba yetu alifariki tarehe kumi na moja mwezi wa pili, tunashukuru kwa barua yenu.

Mimi sikuamini hata chembe. Nilisema moyoni, huyu ni mjanja, anatuonyesha penseli ili tusione moto.

Alhamisi moja niliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yangu, nikamkuta hayupo, yuko kwa kuku. Juu ya mkeka wa mlangoni kulikuwa na bahasha nene, nyeupe, kutoka kwa wakili. Birika lilikuwa linachemka. Sitaeleza sana. Mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili, nimeshika barua ya marehemu juu ya mvuke, nusu ya gundi imeshalegea, na mlango ukafunguliwa.

Hiske alisimama na ndoo ya mayai. Alinitazama kidogo, akatazama birika, akalizima.

"Wifi, hiyo ni ya Jumamosi," alisema.

Aliichukua, akaibonyeza gundi kwa kidole gumba, akatoa penseli yake na kuandika nyuma. Kisha akaniuliza kama nataka mayai. Nikasema nataka. Sijui kwa nini nilisema nataka.

Siku mbili nililala vibaya nikisubiri Jumamosi. Ilipofika, Folkert aliigeuza ile bahasha akasoma kwa sauti: "Alhamisi, saa nne na robo. Imepata mvuke." Akainua macho. "Mvuke gani?"

"Birika lilikuwa karibu," Hiske alisema, akaniongezea kahawa.

Ndani yake palikuwa na orodha ya vyombo vya nyumbani tu, vijiko na saa ya ukutani. Lakini mimi masikio yalikuwa yanawaka moto. Angeweza kunimaliza mbele ya mume wangu na shemeji yangu kwa neno moja, na angekuwa na haki. Alichokifanya ni kuandika kilichotokea na kuniacha nikae nacho mwenyewe. Tangu siku ile nikawa naenda kumtazama kwa sababu nyingine.

Na nilichokiona ni hiki: wale kaka zake walikuwa wanabadilika bila kujijua. Wiki za mwanzo walikaa na makoti. Kisha makoti yakatundikwa. Jumamosi moja Rinse alifungua barua ya duka la vifaa vya masikio, akasoma, "Mpendwa Bwana Douwe, ni muda mrefu hatujakuona. Je, bado unatusikia vizuri?" Wakatazamana. Folkert ndiye aliyeanza, mabega yakamtikisika, halafu Rinse, halafu Hiske akaziba mdomo na aproni. Walicheka mpaka Folkert akavua miwani kufuta macho, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Mjibu kwamba hatusikii," alisema.

"Nitawajibu kwamba alifariki tarehe kumi na moja," Hiske alisema. Ndivyo alivyowajibu.

Halafu ikaja barua ya hospitali, ya kufunga jalada la mgonjwa. Walikuwa wameorodhesha kila siku aliyokwenda mwaka wa mwisho. Folkert alisoma tarehe ya kwanza, ya pili, ya kumi, sauti ikawa inapungua. Zilikuwa arobaini na moja.

"Nani alikuwa anampeleka?"

"Basi la saa moja na nusu," Hiske alisema. "Dereva ni mtu mwema, anashusha ngazi."

"Ungenipigia simu."

"Nilipiga mara mbili, kaka. Ulikuwa mkutanoni."

Siku ile walipotoka, Folkert alimsimamisha Rinse kwenye geti, nami nikiwa nyuma nafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. "Tumwachie," alisema. "Akae mpaka mwisho wake. Tutagawana baadaye, sisi au watoto wetu." Rinse alikubali kabla hajamaliza. Wakapiga simu kwa wakili, mjini Dokkum, aandike karatasi. Siku ya kusaini ikapangwa, Jumatatu saa tisa alasiri, katikati ya mwezi wa tano.

Nilifurahi. Nasema wazi, mimi niliyechungulia, nilifurahi kuliko wenye nyumba.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo tulikwenda tukijua ni ya mwisho. Folkert alileta maua, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya hata kwa mkewe. Kwenye bati palikuwa na barua mbili tu, tangazo la mbegu na barua ya kampuni ya maji. Zikasomwa. Folkert akapiga makofi mapajani kuinuka.

"Kuna nyingine," Hiske alisema.

Aliitoa mfukoni mwa aproni na kuiweka mezani. Bahasha ya ukingo wa kijivu, imeshafunguliwa.

"Hiyo ni ya rambirambi," Folkert alisema. "Hizo ni zako."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi. Naomba niwasomee."

Ilikuwa imetoka kwa Jouke, rafiki wa baba mkwe tangu ujana, mzee wa miaka themanini na tisa aliyeko kwenye nyumba ya wazee kule Harlingen. Ndani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ya Jouke mwenyewe, herufi zinatetemeka: poleni wanangu, Douwe aliniachia mzigo, nami nautua kabla sijamfuata. Ya pili ilikuwa ya Mzee Douwe, ameiandika mwaka jana mwezi wa kumi. Wote tuliujua mwandiko ule.

Hiske aliisoma ameishika wima mbele ya uso wake, hatukumwona macho. "Jouke, Hiske anaamini nyumba nitamwachia. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu kumwambia hapana kunataka nguvu, na mimi nguvu sina. Lakini nataka iuzwe, wagawane watatu sawasawa. Akibaki humu atazeeka akipangusa viatu vyangu. Akitoka labda ataishi kidogo. Sijapata moyo wa kumwambia usoni. Nikitangulia, waambie watoto."

Aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akaiweka karibu na kisu.

Miezi mitatu yote alikuwa akisema Baba aliniambia, Baba aliniambia, na neno hilo ndilo lililokuwa nguzo yake. Sasa kumbe baba mwenyewe alikuwa anamdanganya jikoni mle mle, na kumcheka hamcheki, anampenda, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Folkert aligeuza bahasha. Nyuma palikuwa na penseli. "Jumatano, saa tano kasoro dakika kumi," alisoma. "Umekuwa nayo tangu Jumatano."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Jouke. Simu hasikii, na anasema hii ndiyo barua yake ya mwisho."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna."

Rinse alisukuma kiti. "Dada, mimi Jumatatu nasaini. Barua au si barua."

"Usiseme leo," Hiske alimwambia. Sauti ilikuwa ileile ya chumvi, ila vidole vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. "Mimi naona Baba alikosea. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia kwamba humu ndani ninaishi, sizeeki tu. Lakini alikuwa na haki ya kusema, na nyinyi mna haki ya kusikia. Siwezi kukaa natazama mnasaini kitu msichokijua."

Folkert aliondoka bila kumaliza kahawa yake. Maua yalibaki kwenye sinki, bado yamefungwa kwa karatasi ya dukani.

Jumapili ilikuwa ndefu. Nilimuuliza Rinse mara tano Folkert atafanya nini, na mara tano akaniambia hajui. Bila saini ya Folkert ile karatasi ilikuwa ya kufungia samaki. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu. Na marehemu kwa kuandika, na Jouke kwa kutuma, na Hiske zaidi. Nilisema kwa sauti nikimenya viazi, mwanamke gani huyu, mtu anapewa mkate yeye anauliza kama kweli umeiva. Rinse aliniambia nimenye taratibu, navitupa viazi nusu.

Jumatatu tulifika kwa wakili robo saa kabla. Folkert alikuwa ameshafika. Amekaa na kofia magotini, na uso wa mtu ambaye hakulala.

"Jana nilikwenda Harlingen," alisema, hata salamu hakutoa. "Nilikaa na Jouke tangu chakula cha mchana. Nilimwandikia maswali kwenye karatasi, maana masikio ndiyo hayo. Nilimwandikia: Baba alimuuliza Hiske anataka nini?" Akasafisha koo. "Jouke alisoma, akanitazama kama nimerukwa na akili. Akasema, Douwe? Kuuliza?"

Rinse akaguna. Ndivyo alivyokuwa mzee, kila mtu pale alimjua.

"Wala mimi sikumuuliza," Folkert alisema. Alimgeukia dada yake. "Miezi mitatu nakuja kwako kila Jumamosi, nafungua barua za kila mtu. Wewe sijakuuliza kitu. Basi nakuuliza sasa, mbele ya watu. Unataka nini, Hiske?"

"Kubaki."

"Haya."

Wakili alikuwa ameshaweka kalamu, lakini Folkert alimwambia asubiri. Alitaka ile barua ya baba yao isomwe yote pale, kwa sauti, na nakala iwekwe kwenye jalada pamoja na mkataba, ili watoto wao siku moja wasije wakasema palifichwa kitu. Wakili alisema sheria haihitaji hivyo. Folkert akamwambia ukoo unahitaji. Ikasomwa. Kisha akasaini yeye wa kwanza, akampa Rinse kalamu, na Rinse akampa Hiske.

Kutoka Dokkum mpaka kijijini ni mwendo wa dakika arobaini kwa baiskeli, upepo ukikupenda. Siku ile haukutupenda. Wanaume walirudi na gari la Folkert, Hiske na mimi tukapanda baiskeli zetu, vichwa chini. Tulipofika penye mfereji palipo na miti kidogo nikashindwa kujizuia.

"Hivi uliwezaje, wifi?"

"Usidhani niliweza," alisema. Alikuwa anatazama mbele. "Alhamisi ile barua niliitia kwenye jiko la kuni."

"Ukafanya nini?"

"Jiko halikuwa na moto. Nikakaa nikilitazama, kisha nikaitoa. Ijumaa nilikuwa nayo tena mezani, nimeshaamua. Ilikuwa ya kijivu. Folkert mwenyewe alinipa za kijivu. Nilikuwa na haki ya kuitupa, ndivyo nilivyojiambia. Mara nikasikia mlango wa nyuma, nikaisukuma chini ya kitambaa cha meza. Ulikuwa wewe, umerudisha sufuria."

Niliikumbuka siku hiyo.

"Ulikaa dakika kumi. Ulinisimulia mguu wa mbwa wako. Na mimi sikusikia hata neno, wifi, nilikuwa nakutazama mikono tu, isije ikagusa kile kitambaa. Ulipotoka nikaona, kumbe ndivyo nitakavyoishi. Nyumba nitakuwa nayo, na kila mtu wangu akiingia nitamtazama mikono."

Nami nikasema ukweli. Nilimwambia kwamba ile Ijumaa niliondoka nimenuna, kwa sababu aliniangalia vibaya na hakunipa hata kahawa, na kwamba nilifika nyumbani nikamwambia Rinse, dada yako nyumba hajapata bado na kiburi kimeshaanza.

Hiske alicheka mpaka baiskeli ikayumba, ikabidi ashuke. Nikashuka na mimi. Upepo ulikuwa mwingi mno kupanda tena, tukazisukuma kwa mkono mpaka nyumbani kwake.